Ndege ya Makaa na Kinu cha Mama

Nianze na upumbavu wenyewe, kabla hujausikia kwa dada yangu mdogo, ambaye huongeza chumvi: nilitwanga makaa kwenye kinu cha mama.

Sisemi kile kinu kidogo cha kuponda vitunguu saumu. Nasema kinu chenyewe, cha mti, kinachonifika magotini, kilichochongwa Kitui na mtu aliyejua kazi yake. Kutoka mti huohuo alichonga viwili, kimoja cha mama na kimoja cha nyanya. Nyanya alibaki na chake. Cha mama kilipanda ndege. Tulipokuja Amerika, mimi nikiwa na miaka kumi, begi moja lilibeba nguo zetu sote watatu na begi la pili lilibeba kinu. Mchi ulikuja umeviringishwa kwenye blanketi, na pale uwanja wa ndege ofisa alimuuliza mama kama hiyo ni silaha. Mama akamjibu, "Inategemea watoto."

Sasa kinu kinakaa Greenbelt, Maryland, ghorofa ya pili, kando ya televisheni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima. Jumamosi mama hununua mahindi meupe makavu katika duka la Walatino kule Langley Park, akayalowesha kidogo, akayatwanga mpaka maganda yatoke, tukala muthokoi na maharagwe. Chini ya kinu huweka blanketi lililokunjwa mara nne ili asimsumbue jirani wa chini. Jirani mwenyewe hasumbuki. Ni Mtanzania wa Mbeya, dereva wa ubalozi, anaishi peke yake na anapika vibaya. Akisikia kinu, anaosha bakuli.

Makaa yaliingiaje humo ni hadithi ya shule.

Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi: kila mtu achague kitu kilichobuniwa wakati wa vita vya pili vya dunia ambacho hakikufika vitani, aandike kurasa nne, atengeneze mfano wake, halafu asimame mbele ya darasa akieleze. Kwa wengine ilikuwa kazi tu. Kwangu ilikuwa kesi, kwa sababu tayari nilikuwa na barua mbili.

Barua ya kwanza kutoka shuleni ilikuja baada ya mwalimu wa muda kuniuliza watu wa kwetu wanasalimianaje. Nikamwambia kila mtu anavua kiatu kimoja, cha kushoto, anakishika mkononi. Alikuwa mama mpole sana. Mwalimu mkuu alipopita mlangoni alikuta watu ishirini na nane wameshika viatu, na yeye mwalimu wa ishirini na tisa. Barua ya pili ilikuwa ya jiografia. Niliandika kwenye mtihani kwamba zao kuu la Kitui ni barafu, na mwalimu akaweka alama ya vema. Ningenyamaza, leo barua ingekuwa moja. Lakini nilimwambia. Mzaha ambao hakuna anayejua ni kama hukuufanya.

Mama aliisoma ya pili akiwa amesimama, akaikunja, akasema: "Ya tatu, unarudi."

Usidhani ni maneno ya kutisha watoto. Nilikuwa namjua kijana wa Manassas, tuliyekuwa tukikutana naye kanisani, aliyepelekwa nyumbani Juni "kuona jamaa". Septemba aliandika barua kutoka shule ya bweni akiomba sabuni. Mimi nilikuwa nimeshawekewa shule, karibu na kwa nyanya, ambako mwalimu mkuu ni binamu ya mama. Huyo binamu sijawahi kumwona akicheka, na nilijaribu, nilimfanyia yote ninayoyajua. Mama alitoa pasipoti yangu kwenye bahasha ya pasipoti za familia, akaiweka peke yake kwenye mkoba wake wa kazini. Ilienda naye Bowie kila siku, kule anakotunza wazee, ikarudi naye.

Na si kwamba naogopa Kitui. Naipenda. Lakini mama ana zamu mbili, na mimi ndiye ninayemchukua dada kwenye basi la shule, ndiye ninayechemsha chai, ndiye ninayejua kwamba lile bafu ukifungua maji moto kabla ya baridi linapiga kelele mpaka jirani wa ubavuni anagonga. Nikiondoka, dada angebaki na ufunguo shingoni. Hilo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, nami ndiye mcheshi?

Kwa hivyo nilienda maktaba nikiwa na nia safi. Andika hivyo.

Kitabu nilichokipata kilikuwa kikubwa kama mlango, michoro mitupu ya ndege ambazo hazikuwahi kujengwa, na kilikuwa cha kusomea mlemle, hakitoki. Nikafungua, nikaiona. Ndege ya kivita ya Wajerumani, ya jeti, ya miezi ile ya mwisho walipokuwa wanashindwa. Ilikuwa pembetatu kama sambusa. Haikuwa na kiwiliwili cha kueleweka. Mdomo mmoja mkubwa mbele wa kumeza hewa, mabawa huku na huku, na pezi kubwa la mkia limesimama katikati, rubani kaketi ndani ya pezi hilo kama mtu aliyeingia kabatini. Injini haikuwa na feni wala kitu cha kuzungusha hewa. Hewa ingeingia yenyewe kwa sababu ya mwendo, kwa hivyo kwanza ilibidi isukumwe na roketi mpaka ipate kasi. Na petroli ilikuwa imewaishia Wajerumani, ndipo yule mbunifu akaamua ndege yake ichome makaa.

Nilisoma hapo mara tatu. Makaa! Yanawekwa vipande vipande kwenye kikapu cha waya, kikapu kinazunguka polepole, yanawashwa, hewa inapita, moto unatokea nyuma, ndege inakwenda. Nikasema mwenyewe, huyu mbunifu tungeelewana.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipojikata. Nilinakili maelezo kwa Kiswahili. Si kwa mapenzi ya lugha, mama asije akajisifu. Meza ya pili alikaa mwanafunzi mwenzangu ambaye hunakili kila ninachoandika mpaka makosa, na Kiswahili ndiyo kufuli yangu. Kwenye daftari nikaandika: *Injini haina petroli. Inachoma makaa. Makaa yanakaa kwenye kikapu cha waya.* Kitabu nikakirudisha rafuni. Nyumbani, siku mbili baadaye, nikafungua daftari nikaandika kurasa nne kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye makaa, nikaweka neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye mfuko wa mama kule barazani, ule mfuko wa makaa ya kuchomea nyama: *charcoal*. Nililiweka mara kumi na saba. Sikuwaza. Makaa ni makaa. Mimi ni mtu wa Kitui, magunia ya makaa nimeyaona yamepangwa barabarani kabla sijajua kusoma.

Mfano ulikuwa wa kadibodi. Kikapu cha waya kilikuwa chujio la chai. Upepo wa kuingia mbele ungetoka kwa mashine ya dada ya kukausha nywele. Moto sikukusudia kuwasha, sina wazimu kiasi hicho. Lakini kitabu kilisema baadaye walifikiri kutumia makaa yaliyosagwa chembechembe, nami nilitaka chembechembe.

Alhamisi, mama akiwa Bowie, nikaondoa kile kitambaa cha kufuma. Nikakunja blanketi mara nne, mtoto mwenye adabu. Nikatumbukiza makaa matano.

Makaa hayatwangiki kama mahindi. Mahindi yanaruka ukaokota. Makaa yanapanda polepole hewani, yanatafuta pazia. Dada akatoka chumbani, akanitazama. Yeye huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza tu, kama tarishi wa nchi mbili.

"Umekufa," akasema, kwa hicho Kiingereza chake.

"Lete mashine yako ya nywele."

"Maiti ataifanyia nini?"

Hapo mlango ukagongwa.

"Hodi! Hodi hapa!"

Nikafungua upana wa pua tu. Alikuwa anko wa chini, na bakuli.

"Marahaba, anko," nikamwahi.

"Unaanza wewe na shikamoo, ndipo mimi niseme marahaba. Wakenya mtajifunza lini?"

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kinu. Leo Alhamisi, nikasema labda mna wageni."

"Ni mazoezi ya Jumamosi."

"Kinu kina mazoezi siku hizi?" Akainama kidogo akaniangalia vizuri. "Na huo uso je, umejipaka nini?"

"Mambo ya shule. Historia."

Ilikuwa Februari, mwezi ambao shule zote huku husoma historia ya watu weusi. Anko akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Vizuri. Msiisahau." Akashuka na bakuli lake tupu.

Nikakiosha kinu kwa sabuni ya vyombo, nikakiosha kwa sabuni ya kufulia, nikakisugua kwa mswaki. Wa dada. Nikakifunika.

Ijumaa nikasimama mbele ya darasa. Mwalimu wa historia ni mtu mwembamba, hupenda mashati meupe na hapendi kuchezewa, na tangu mambo ya kiatu alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Alikuwa amesimama karibu, kando ya meza, mikono nyuma. Yote yalisemwa kwa Kiingereza, nakusimulia kwa lugha ya nyumbani.

"Ndege hii," nikaanza, "ilikuwa iruke kwa makaa." Nikataja lile neno la mfukoni.

Darasa likacheka. Sikuwa nimefanya kitu bado.

"Makaa ya kuchomea nyama?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Wajerumani walitaka kurusha ndege ya jeti kwa makaa ya kuchomea nyama."

"Petroli ilikuwa imewaishia."

"Na yangewashwaje, hayo makaa?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari, mstari wa tisa: mwali wa gesi. Lakini watu walikuwa wanacheka tayari, wale wa nyuma wamelala juu ya madawati, na mimi nikisikia kicheko, akili hutoka nje ikaniachia mdomo.

"Kwa magazeti ya zamani, mwalimu," nikasema. "Halafu mama yake rubani anapepea na sahani."

Kelele zilizotokea hapo sijawahi kuzipata tena. Na katikati ya kelele hizo nikabonyeza mashine ya nywele.

Ningepaswa kuijaribu nyumbani. Chembechembe hazikuzunguka kwenye chujio. Zilitoka nje zote kwa pamoja, zikaelekea kwenye kitu cheupe kilichokuwa karibu. Mwalimu alijitazama kifuani, akajipangusa kwa kiganja, na alama ya vidole vitano ikabaki pale kama muhuri.

Barua iliandikwa kabla ya kengele.

Mama aliisoma jikoni na koti mwilini. Nilisimama kando ya friji. Dada alikuwa amejificha koridoni, mahali ambapo anasikia lakini hapigwi.

"Wanasema hapa umetunga," mama akasema. "Wanasema umeidharau kazi, umedanganya darasa zima. Sifuri. Na wanataka nije."

"Sijatunga, mama. Iko kwenye kitabu."

"Ndege ya makaa."

"Ndiyo, mama."

"Ya makaa."

"Ndiyo."

"Mimi nimezaliwa Kitui. Nimeona makaa yakichomwa tangu nikiwa mgongoni kwa mamangu. Makaa hayawezi kurusha kifuniko cha sufuria, na wewe unaniambia ati ndege."

"Ni kweli."

"Hata barafu ya Kitui ulisema ni kweli."

Ndiyo shida ya kazi yangu: siku ukipata ukweli huna pa kuuweka. Mama akafungua mkoba, akatoa pasipoti yangu, akaiweka juu ya televisheni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelala vizuri.

Jumamosi asubuhi akaondoa kitambaa, akamimina mahindi, akashika mchi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikisoma gazeti lililopinduliwa. Akatwanga kama dakika tano. Halafu mdundo ukakoma. Akachota mahindi kwa mkono, akayageuza. Yalikuwa ya kijivu, kama yamezeeka. Akaingiza kidole ndani ya kinu, akakizungusha, akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Ndege," nikasema.

Nakuapia sikukusudia kuchekesha. Ndilo neno lililokuwepo.

Mama alikaa chini sakafuni, palepale, mchi umelala magotini. Hakuniangalia mimi, alikiangalia kinu. "Mti hunywa, wewe," akasema taratibu. "Ukiutia kitu hautoi tena. Hicho ulichotia humu tutakila mpaka nife."

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ni anko na bakuli. Mama akainuka, akajipangusa, maana mgeni ni mgeni. "Karibu, ndugu. Leo muthokoi una rangi."

Akamsimulia yote, barua, makaa, shati, pasipoti ile pale juu ya televisheni. Anko alisikiliza bila kuketi. Kisha akanigeukia.

"Hebu nisomee mimi hicho ulichokiona. Si hicho cha mwalimu, kile ulichokiandika mwanzo."

Nikaleta daftari, nikasoma: "Injini haina petroli. Inachoma makaa. Makaa yanakaa kwenye..."

"Makaa gani?"

"Makaa, anko."

"Mkaa, au makaa ya mawe?"

"Si ni kitu kimoja?"

Anko akaweka bakuli chini ili acheke kwa mikono miwili. Akacheka mpaka dada akatoka koridoni kuona. Kisha akashuka ngazi bila kuaga, tukabaki tunatazamana, na aliporudi alikuwa na soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na jiwe jeusi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, linang'aa upande mmoja kama limepakwa mafuta.

"Haya ndiyo makaa ya mawe," akasema. "Baba yangu aliyachimba chini ya ardhi, kwetu Mbeya. Hili alinipa nilipopata kazi ya ubalozi, nisisahau nimesomeshwa na nini."

Mama akalichukua, akalipima mkononi. "Hili ni jiwe."

"Ndilo linaloungua."

"Jiwe haliungui, ndugu."

"Kwetu linaungua, dada. Garimoshi lilikuwa likila hili. Chuma kinayeyushwa kwa hili. Ule mnaochomea nyama, wa kuni, sisi tunauita mkaa. Haya ni makaa ya mawe. Vitu viwili."

"Nyinyi Watanzania lazima kila kitu kiwe na majina mawili."

"Na nyinyi Wakenya kila kitu jina moja, ndiyo maana mtoto kapotea njiani."

Mama akalinusa lile jiwe. Akanusa tena kidole chake cha kinuni, akalinganisha. "Kwa hivyo hakutunga."

"Alikosea neno. Mjerumani na makaa ya mawe, hiyo naamini. Wanayo mengi."

"Na magazeti ya zamani? Na mama yake rubani na sahani?"

Anko akaniangalia kwa huruma. "Hayo ametunga."

Muthokoi aliula, wa kijivu hivyohivyo. Akaomba na wa kubeba.

Jumatatu mama alibadilishana zamu na mwenzake. Tulianzia maktaba. Nilimfungulia kile kitabu, akasoma ukurasa mzima akifuata kwa kidole, na alipofika kwenye neno, akaligonga mara mbili kwa ukucha. Ni fupi kuliko nililoandika mimi. Limo ndani ya lile la mfukoni, mwishoni kabisa, ukikata kichwa unalipata. Akanakili ukurasa kwa mashine, akaukunja, akauweka mkobani. Pasipoti ilikuwa imerudi humo. Niliiona.

Shuleni mwalimu alitupa viti. Alikuwa na shati jingine jeupe. Mama hakuketi. Alifungua mkoba, akatoa soksi, akalitoa jiwe, akaliweka juu ya meza ya mwalimu. Kando yake akaweka kipande cha makaa kutoka mfuko wetu, alichokuwa amekifunga kwa karatasi ya jikoni.

"Kwa lugha ya nyumbani kwetu," akasema kwa kile Kiingereza chake cha kazini, kinachotembea polepole ili wazee wasikie, "hivi viwili tunaviita jina moja. Mwanangu ni mwongo katika mambo mengi. Hili si mojawapo."

Mwalimu akausoma ule ukurasa. Akautazama mchoro, akaugeuza, akausoma tena. Akaliinua jiwe, akaliangalia upande ule unaong'aa.

"Nilidhani unanichezea," akaniambia.

"Najua, mwalimu."

"Jibu la swali langu ulilijua? Yangewashwaje?"

"Mwali wa gesi."

"Mbona hukusema?"

Nikatafuta jibu la kuchekesha, silipati. "Walikuwa wanacheka," nikasema.

Akaigeuza barua tuliyokuja nayo, akaandika nyuma yake mistari miwili: kwamba mwanafunzi alisoma kweli na alikosea neno, na kwamba ataeleza upya Alhamisi, bila vifaa. Maneno hayo mawili akayapigia mstari. Mama akamwambia atalifua lile shati, na kwamba masizi hukung'utwa yakiwa makavu, hayaguswi na maji wala hayasuguliwi. Mwalimu akasema alikuwa ameshalisugua.

"Basi," mama akasema, "utalivaa hivyohivyo."

Garini tukapita kituo cha treni. Kisha nikauliza: "Mama, sasa barua ni mbili au tatu?"

Akawasha taa ya kukata kona.

Alhamisi nilieleza upya. Nilitumia neno fupi. Nilisema kwamba ndege yenyewe haikujengwa. Kilichojengwa ni kielelezo cha mbao, hakina injini, kilianzwa na wanafunzi, na vita vikaisha kabla hawajamaliza. Wamarekani wakakichukua, wakakileta kwa meli mpaka Virginia kukipulizia hewa wakione kinakaaje kwenye upepo, na kitabu kilisema siku hizi kimewekwa kwenye ghala la makumbusho hapahapa Maryland. Ukiwa na gari ni mwendo wa kusikiliza nyimbo tano. Mwalimu akauliza yale makaa ya mawe yangewashwaje. Nikasema, kwa mwali wa gesi. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa nyuma alilala kabisa, namshukuru. Nilipata B, ya kwanza katika historia, na aliyekuwa na mashaka kama ni historia ya shule au yangu mimi, ni zote mbili.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa sakafuni na msasa, anakikwangua kinu kwa ndani. Alikuwa ameanza tangu alipotoka kazini, viatu vya kazi bado miguuni. Unga wa mti ulikuwa umejaa kwenye blanketi, na haukuwa mweupe. Dada alikuwa amemshikia taa.

Nikaweka karatasi ya B juu ya televisheni, kwa sababu ndipo ilipokuwa pasipoti. Mama alikuwa ameirudisha pale, na bahasha ya familia iko kando yake, imefunguliwa. Akainuka, akapangusa mikono kwenye sketi, akasoma maandishi ya mwalimu mbele na nyuma. Akaishika pasipoti. Akaitazama picha yangu ya miaka kumi, mtoto yule anayeonekana hana hatia. Nilisimama. Dada naye alisimama, na taa yake inamulika dari.

Mama akaingiza pasipoti kwenye bahasha, pamoja na yake na ya dada, akafunga. Akakitazama kinu, akanitazama mimi.

"Sikupeleki," akasema. "Nyanya yako ana kinu kimoja tu."